Jumamosi tunakwenda Eyam

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi ni safari yetu ya Eyam, kile kijiji cha Derbyshire, Uingereza. Magari tutaegesha Hawkhill Road, mkabala na makumbusho. Kanisa la St Lawrence liko karibu, tutakwenda kwa miguu.

Naomba tusiende kupiga picha tu. Mwaka 1665 tauni iliingia hapo, inasemekana ndani ya kitambaa cha fundi wa nguo kilichotoka London. Mwaka uliofuata wanakijiji, wakiongozwa na kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley, walikubali kujifungia ili wasiwaambukize majirani. Tutafika kwenye jiwe la mpakani lenye vitundu sita. Humo waliacha sarafu ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa, na majirani wakawaletea chakula. Tia kidole uguse, kingo zake zimelainika kabisa. Mwanakijiji mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita kwa siku nane. Makaburi yao yako shambani, nje ya kijiji. Tukifika tutanyamaza kidogo, hata watoto tuwaeleze mapema.

Vaeni viatu vya matope. Asiye na usafiri aniandikie leo kabla ya kulala, nimpangie gari.