Ripoti za "haifanyi kazi"

Wanakikundi, habari za asubuhi. Jana nimekuta ripoti 8 za hitilafu za tovuti, 5 zimeandikwa "haifanyi kazi" basi. Mimi niko Ngamiani, nitajuaje wewe wa Chumbageni umebonyeza nini? Taja kivinjari na toleo lake, ulichobonyeza, ulichotarajia, kilichotokea. Picha ya skrini iwe nzima jamani, si kipande cha kitufe.

Kabla ya kuripoti bonyeza Ctrl+Shift+R, ukurasa upakiwe upya bila nakala ya zamani iliyotunzwa na kivinjari. Juzi mwenyewe nimehangaika saa nzima na nakala ya zamani, nikamlaumu mwenzetu bure. Samahani sana, kaka.

Aliyefunga ripoti yangu kwa "kwangu inafanya kazi" (hata Bugzilla, programu ya kufuatilia hitilafu iliyoanza 1998, ina muhuri huo wa kufungia ripoti), nimeifungua tena.

Tukutane Jumamosi saa nne, palepale. Njooni na chaja.