Panya na wenzo wa kushoto

Mpendwa Ami,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, na natumai nanyi nyote hapo Wete hamjambo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu suali uliloniuliza kwenye simu, kwamba panya atajuaje kuwa amepewa dawa ya sonona, halikustahili jibu la haraka.

Panya huingizwa katika kizimba chenye nyenzo mbili ndogo za chuma, na baina yake pana kikombe cha chakula. Siku aliyodungwa dawa, wenzo wa kushoto pekee ndio unaoangusha punje ya chakula, baada ya kubonyezwa mara 10. Siku aliyodungwa maji ya chumvi, ni wa kulia. Kwa kuwa sindano ni ile ile na kizimba ni kile kile, hana cha kumwongoza isipokuwa anavyojisikia mwilini, kama wewe unavyotambua usiku, usingizi unapokukataa na moyo unapokwenda mbio, kuwa kahawa ya barazani leo ilikuwa nzito. Mafunzo huchukua wiki nyingi, na hatumwamini mpaka angalau asilimia 80 ya mibonyezo yake, kabla hajapata punje ya kwanza, iwe kwenye wenzo sahihi, tena kwa siku kadhaa mfululizo.

Wiki yangu ya kwanza sikuzifuta nyenzo baina ya panya mmoja na mwengine. Yule wa pili akafuata harufu ya mwenzake, kazi ya asubuhi nzima ikatupwa, na tangu hapo mikono yangu hainukii ila spiriti.

Sasa lile ulilocheka, kuwa panya "anasema amefurahi". Hasemi hivyo, Ami. Dawa hizi humchukua mgonjwa wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu, ilhali panya hujibu ndani ya saa moja tu ya sindano. Anachokitambua ni dalili za mwanzo, si kupona. Ndiyo maana imipramini, ambayo daktari Mswisi Roland Kuhn aliieleza kuwa inatibu sonona mwaka 1957, huwapa panya taabu kuitambua, lakini bupropioni, dawa nyengine ya sonona ambayo dalili zake za mwanzo huhisika wazi, huijua upesi. Panya waliofundishwa kutambua kokeini, wakipewa bupropioni ya kutosha, huenda moja kwa moja kwenye wenzo wa kokeini. Hilo halina maana kuwa dawa hizo ni kitu kimoja. Lina maana kuwa, kwa panya, zinafanana zinavyohisika, na mtengenezaji wa dawa anapaswa kulijua mapema.

Yupo mmoja mwenye doa sikioni, aliyefundishwa kwa sitalopramu, nayo ni dawa ya sonona. Kesho atadungwa fluoksetini, dawa nyengine ya sonona ambayo hajapata kuionja, na siku hiyo nyenzo zote mbili zitatoa chakula, ili tusimfundishe jibu. Nitakuandikia ameshika upande gani.

Nisalimie shangazi na watoto.

Wasalaam,
Mwanao