Nyumba ya babu isibomolewe

Kaka mpendwa,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, baridi tu. Ujumbe wako wa kuomba pesa nimeupata, na Mama Zuhura kanieleza yaliyosemwa kwenye kikao: eti nimekaa Ulaya nimesahau kwetu. Neno hilo limeniuma, tena limetoka kwa watu ambao ada za watoto wao nalipa mimi.

Kubomoa nyumba ya babu mjenge ghorofa la tofali, sitoi hata senti.

Tangu Ramadhani nimepandishwa cheo. Sasa ndimi msimamizi wa wahudumu wa karamu kwenye jumba moja la Bishopsgate, hapa London. Wakubwa wenye suti zao wananiuliza mimi wakae wapi! Jumba hilo lilikuwa makao makuu ya benki ya National Provincial, msanifu wake John Gibson, likakamilika 1865. Benki ilikuwa na matawi mikoani, lakini ndani ya London haikufanya biashara, kwa sababu sheria haikuruhusu benki inayotoa noti zake kufanya kazi karibu na jiji. Mwaka 1866 wakaziacha noti, wakaanza biashara London. Ndiyo maana jumba limejengwa kwa kujitangaza: nguzo kubwa mbele, baina yake michongo ya wachimba madini, wakulima na waunda meli, na juu ya paa sanamu za miji, Manchester mmojawapo. Ndani, mwanga unashuka kutoka kwenye kuba za vioo. Mchana nikiinua macho, hata miguu inaacha kuniuma.

Na huko mbele halina ghorofa, kaka. Benki hiyo ilipoungana na benki ya Westminster ikataka ofisi nyingi, ikajenga mnara wa mita 183 kwa nyuma, na jumba la Gibson likaachwa lisimame. Leo halina keshia hata mmoja, linakodishwa kwa sherehe, na pesa linaingiza.

Nyumba ya babu ina boriti za mikoko na kuta nene za mawe na chokaa. Unyevu wa upande wa kisimani umeanza mlipopiga lipu ya saruji. Saruji inafungia maji ukutani. Ibandueni, mrudishie chokaa. Usiku nikifumba macho nasikia harufu ya mto Pangani maji yakipwa, na mimi nimelala barazani.

Pesa za paa na chokaa nitamtumia Bi Mkubwa mwisho wa mwezi. Usikasirike.

Nimesikia kuna mtu wa Unguja kauliza bei ya mlango. Mwambie hauuzwi.

Mdogo wako