Kabla hujaiwasha, izungushe kwa mkono

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nimefurahi sana kusikia umepata projekta ya filamu za milimita 16, tena ikiwa na lenzi yake. Picha ulizonitumia nimezikuza nikazitazama moja moja. Umeniuliza kama unaweza kuichomeka kwenye umeme uone kama bado ni nzima. Nakuomba sana, usiichomeke kwanza.

Mashine iliyokaa stoo miaka mingi huganda. Grisi hukauka ikawa ngumu, mikanda ya mpira hugeuka lami inayonata vidoleni, na gia za plastiki huchakaa hata bila kutumika. Mota haijui hayo. Ukiipa umeme itazungusha kwa nguvu, na kitakachokatika ni kipande kile kile ambacho kiwanda kiliacha kukitengeneza zamani. Kwa hiyo fungua kifuniko, tafuta kifundo cha kuzungushia kwa mkono (projekta nyingi za aina hii zinacho), kisha zungusha taratibu kufuata mshale. Pakiwa pazito, simama hapo hapo utafute sababu.

Ukiwa unazungusha, sogeza lenzi uangalie dirishani, pale filamu inapopita mbele ya taa. Utauona ukucha mdogo wa chuma ukichomoza, ukiingia kwenye tundu la pembeni ya filamu, ukiivuta chini kwa kimo cha picha moja, kisha ukirudi ndani na kupanda tena. Wakati ukucha unavuta, bapa linalozunguka huwa limeziba taa. Filamu husogea gizani tu. Mwanga hupita ikiwa imetulia. Hayo hufanyika mara 24 kila sekunde kwa filamu yenye sauti. Na kwa kuwa mwanga wa kuwaka mara 24 tu ungepepesa hadi macho yaume, bapa hukata mwanga mara ya pili juu ya picha ile ile, ikawa mara 48. Mimi hadi leo naweza kukaa nikizungusha na kuutazama ukucha ule, hata kama hakuna filamu ndani.

Ndiyo maana filamu huachiwa vitanzi viwili, juu na chini ya dirisha. Magurudumu yenye meno huivuta mfululizo, ukucha huivuta kwa kushtua, na kitanzi ndicho kinachopatanisha mwendo huo na huu. Kikipotea, picha huruka na matundu huchanika. Sauti nayo haisomwi dirishani, maana huwezi kusoma sauti kwenye kitu kinachosimama na kuondoka. Imechapwa pembeni ya filamu, picha 26 mbele ya picha yake, isomwe kwenye ngoma inayozunguka kwa utulivu ikisaidiwa na gurudumu zito la chuma. Sauti ikiyumba, usikimbilie amplifaya. Angalia kwanza kama gurudumu hilo linazunguka bila kukwama, na kama filamu imelala vizuri juu ya ngoma.

Sasa ile gia nyeupe ya plastiki yenye nyuzi za skrubu. Kwenye picha yako ya tatu naona mstari mwembamba kwenye ubavu wake. Inaweza kuwa uchafu, inaweza kuwa ufa. Ifute kwa spiriti, uiangalie kwa kioo cha kukuzia huku ukiizungusha pole pole. Projekta nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimeuawa na ufa wa namna hiyo. Kama ni ufa, gundi haitasaidia. Gia mpya hutengenezwa na wapenzi wa mashine hizi na zinapatikana. Ila kabla hujaing'oa, piga picha na uweke alama kwenye kila kinachoshikana nayo. Ukucha na bapa lazima vikubaliane. Vikipishana kidogo tu, mwanga utapita filamu ikiwa bado inasogea, na kila kitu cheupe kwenye picha, herufi hasa, kitaota mkia wa kwenda juu au chini.

Umeandika pia kwamba ungependa kuipiga rangi upya. Hapo sikubaliani nawe. Rangi ya nje ina mikwaruzo, lakini haigusi filamu. Jitume kwa kile kinachogusa filamu: dirisha, magurudumu yenye meno, vibao vya kubana. Pale dirishani huganda mabaki ya filamu za zamani, chembe ngumu unayoweza kuihisi kwa ukucha wa kidole kabla hujaiona. Iondoe kwa kijiti cha mti na spiriti, kamwe usitumie bisibisi. Mkwaruzo mmoja dirishani utachora mstari kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho, na kila filamu itakayofuata itapata huo huo. Projekta inayowaka lakini inakwaruza ni bora ibaki imezimwa, kwa sababu mashine zipo nyingine, ila filamu uliyo nayo huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Upande wa umeme, usiwe na haraka. Kagua waya zote. Zenye ganda linalopukutika zibadilishwe, na kapasita ya mota pia. Ukikuta nyuzi nyuzi nyeupe kuzunguka taa, usizipulize wala kuzisugua, huenda ni asbesto, nyuzi za madini zenye madhara kwa mapafu. Amplifaya ikiwa ni ya vali, zile taa za kioo za redio za zamani, mwachie fundi wa elektroniki, maana kapasita zake hubaki na umeme hata plagi ikiwa imetoka. Balbu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huifanya ipasuke ikishika moto. Na hakikisha feni inazunguka kabla taa haijawashwa.

Filamu zenyewe zinuse. Za milimita 16 tangu Kodak walipozileta mwaka 1923 zilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, haziwaki ovyo kama naitreti, plastiki ya filamu za zamani za milimita 35. Lakini asetati ikioza hunuka siki. Yenye harufu hiyo itenge na nyingine na usiipitishe kwenye mashine. Ikishasinyaa, hata kwa asilimia 1 tu, matundu hayalingani tena na meno. Jaribu kwanza kwa filamu isiyo na thamani, kisha uiangalie kwenye mwanga kama ina mstari mpya.

Nisubiri kabla hujaagiza chochote. Nitumie picha ya ile gia kwa karibu, na unipimie mzunguko wa mikanda yote miwili kwa uzi, kwa milimita. Baba yako anauliza kama mashine ilikuja na rili tupu, gurudumu la kuviringishia filamu. Kama haikuja, tunayo moja ya futi 400, tutakutumia.

Mama yako