Mjomba Ananitaka Ghalani

Shangani, Mtwara

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Huku tu wazima isipokuwa mjomba, ambaye tangu apatwe na kiharusi mkono wake wa kulia hauna nguvu, na sasa hata kutia saini hawezi.

Wazee wamekaa na kuamua kwamba niache ualimu kule Newala, nihamie hapa kwake, nishike maghala, malori na hesabu zote za kazi yake ya kusomba korosho. Wewe ni Mmakonde mwenzangu, unajua uzito wa mjomba kwetu tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama: mpwa ndiye mrithi, na anayemkataa mjomba huhesabiwa kuwa amewakataa wote. Isitoshe, ada yangu tangu kidato cha kwanza hadi chuo aliitoa yeye, na mama alipougua alimpeleka mwenyewe Ndanda na kulala kwenye benchi la hospitali mpaka kulipokucha. Fadhila hizo sizisahau, na ndiyo maana uamuzi huu umeninyima usingizi.

Lakini ninaipenda kazi yangu, sahibu. Ninafundisha hisabati darasa la sita, na ninapomwona mtoto aliyekuwa akiogopa hesabu za sehemu anafuta ubao na kuanza upya bila kuambiwa, najua kwamba hapa ndipo pangu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba mtu wa kuishika kazi ile yupo, naye ni binti mkubwa wa mjomba. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho za wakulima hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulipoanza mwaka 2007, mjomba aliacha kununua korosho kwa mkulima, akageukia kuzisomba kutoka vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima hadi maghala makuu, na binti huyo amekulia ndani ya shughuli hiyo. Huchota korosho gunia kwa gunia, akazipasua na kukagua kiini, na akisema mzigo haujakauka, hata madereva wazee hawambishii. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likakabidhiwa kuzisomba, malori yetu yalisimama uani. Ni yeye aliyezunguka mpaka akayapatia kazi ya kubeba saruji. Hata hivyo wazee hawamtaji, kwa kuwa ni wa ukoo wa mama yake, nao wanahofu kwamba mali itatoka kwetu. Naona hiyo si haki, kwani yeye anaitaka kazi ninayolazimishwa mimi.

Nimekusudia kuwaeleza wazee kwamba deni langu kwa mjomba nitalilipa kwa kumtunza na kwa kuja kukagua hesabu kila likizo, lakini ghala akabidhiwe binti yake. Mjomba mwenyewe sijamwambia, kwa maana nahofia kumzidishia maradhi.

Baba yako ni mtu ambaye mjomba humsikiliza tangu ujana wao Mikindani. Nakuomba uzungumze naye, na akiridhia, afike kwenye kikao Ijumaa ijayo baada ya swala, akae karibu na mjomba nitakapolitamka neno hili. Nijibu mapema, hata kama ni kwa kunikatalia.

Wako daima katika udugu.