Kwa nini kupanua pete ya dhahabu nyekundu si kazi ya mia tano

Wiki iliyopita mama mmoja alirudi na pete ya karati 18 imepasuka upande wa chini, akidai tulimuuzia feki. Nikaiweka chini ya lenzi: palikuwa na lehemu ambayo si yangu. Akakiri. Bei yetu ya kupanua ilimshinda, akapita River Road, mtaa wa Nairobi, akafanyiwa kwa shilingi mia tano huku akisubiri. Pete ikaachwa ipoe yenyewe juu ya tofali.

Dhahabu nyekundu ya karati 18, isiyotiwa fedha, ni sehemu 75 za dhahabu na 25 za shaba kwa uzani. Ukihesabu atomu, ni karibu nusu kwa nusu, na balaa liko hapo. Juu ya nyuzi 410 hivi zimechanganyika ovyo na pete ni laini. Chini ya hapo, zikipata muda, hujipanga: tabaka la dhahabu, tabaka la shaba. Pete inakuwa ngumu, inakatika kama biskuti. Dawa ni kuizima majini ingali moto. Lakini jiwe likizimwa hivyo linapasuka, kwa hiyo nalitoa kwanza, kisha nalipachika upya. Hicho ndicho mnacholipia, si kile kipande ninachoongeza.

Mwanawe, kijana wa chuo, akadakia: amesoma kwamba chembe ndogo za mchanganyiko huu hazijipangi kirahisi, tena chembe ndogo za dhahabu huyeyuka kabla ya nyuzi 1064, kiwango cha dhahabu tupu ya kawaida. Ni kweli. Ila hizo ni chembe za nanomita chache, na milimita moja ina nanomita milioni. Kwenye chembe ya nanomita tatu, karibu nusu ya atomu ziko juu juu, hazina majirani wa kutosha kuzishika, ndiyo maana mpangilio huvunjika mapema. Kwenye pete ya mamako, karibu zote ziko ndani.

Kuna mwingine aliyeniletea vumbi la dhahabu iliyopigwa tupa kwenye bahasha, niliyeyushe, nipunguze pesa ya gesi kwa kuwa “ni unga tu, bosi”. Unga huo ni mkubwa mara maelfu kuliko hizo chembe! Unayeyuka kwa joto lile lile la kipande kikubwa, na kabla ya hapo natoa chuma cha tupa kwa sumaku na kutia boraki, unga wa kusafisha uchafu dhahabu inapoyeyuka.

Pete ya mama tuliipasha yote, tukaizima, tukakata palipopasuka, tukaweka kipande kipya, tukazima tena. Amelipa zaidi ya ile bei aliyoikimbia. Ukija na pete nyekundu, niambie kwanza kama fundi mwingine ameshaigusa.