Mwanangu, Rudi Kliniki Ukamwambie Mkunga

Mwanangu mpenzi,

Habari ya ujauzito wako imetufurahisha sana, na baba yako amekwisha kuwatangazia jirani zote. Lakini uliponiambia kwamba mkunga alikuuliza kama umewahi kushika mimba, nawe ukajibu hapana, usingizi ulinitoka.

Rudi wiki hii ukalirekebishe jibu hilo. Sisemi kwamba kizazi chako kimeharibika. Mimba iliyotolewa mapema, kwa njia salama na mikononi mwa mwenye ujuzi, kwa kawaida haimzuii mwanamke kuzaa baadaye. Yako haikutolewa hivyo. Ulikwanguliwa uchochoroni, ukaficha homa kwa siku kadhaa, ingawa najua ni sauti ya nani humu ndani uliyoiogopa. Maambukizi ya namna ile yakifika kwenye mirija ya uzazi huweza kuacha makovu, na mimba inayofuata ikatunga nje ya mfuko wa uzazi. Kwa hiyo omba ultrasaundi mapema, na ukipata maumivu makali ya tumbo au kizunguzungu, usingoje kukuche. Kukwanguliwa nako huweza kuacha kovu ndani ya mfuko, kondo la nyuma likajishika mahali pabaya, na mkunga anayelijua hilo atakupangia kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu.

Uliza pia kundi lako la damu. Ikiwa ni resusi hasi, yaani lile lenye alama ya kutoa, kama O-, huenda mimba ile iliuachia mwili wako kingamwili zinazoweza kushambulia damu ya mtoto huyu, kwani sindano ya kuzuia hali hiyo, inayotakiwa ndani ya saa 72 baada ya mimba kutoka, hukuchomwa.

Unaogopa sheria, nami naielewa hofu hiyo. Mwambie tu kwamba mimba ilitoka, ukakwanguliwa, kisha ukapata homa. Katika miaka yangu yote ya leba, maneno hayo yalinitosha kumhudumia mama. Kama ulinyamaza kwa sababu mumeo alikuwa ameketi kando yako, nenda safari hii peke yako. Wewe uliyewashinda kaka zako wote darasani hushindwi na sentensi moja.

Nimempa kondakta mbaazi na unga wa muhogo, kavipokee stendi ya Nyegezi Ijumaa. Paa la jikoni bado linavuja, fundi ameahidi kuja. Ukitoka kliniki nipigie kabla hujamweleza mtu mwingine.

Mama yako